Mwenye Macho Naye Aambiwe Tazama

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Nawashukuru walioandaa mkutano huu kwa kunipa nafasi, na nawashukuru ninyi mliokuja, maana najua asubuhi tulivu kama hii wengi wenu mngependa kuwa nje na kamera zenu kuliko kukaa vitini mkimsikiliza mtu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nawaheshimu wahenga, ila kwa habari ya ndege nimejifunza kwamba mwenye macho naye huambiwa, tena huambiwa mara nyingi. Tuna macho, tuna darubini, tuna kamera zinazopiga picha 20 kwa sekunde moja, na bado ndege anapita mbele yetu hatujamwona. Kila mmoja ajiulize kimyakimya: ndege wa mwisho uliyemwona kabla ya kuingia humu ukumbini, miguu yake ilikuwa ya rangi gani? Alipotua, mkia ulitulia au ulichezacheza? Alikuwa anatembea au anarukaruka kwa miguu yote miwili? Sikuuliza ili kumwaibisha mtu. Mimi nilipiga picha za ndege miaka kadhaa kabla sijaweza kujibu maswali hayo kuhusu ndege wanaolala chini ya paa langu mwenyewe.

Basi nililokuja kusema leo ni hili: kumtambua ndege na kumpiga picha ni kazi moja, na kazi hiyo huanzia nyumbani, kwa ndege uliyemzoea mpaka humtazami tena.

Naanza na shomoro. Naona wengine mnatabasamu. Mtu amenunua lenzi ndefu kama mkono, halafu anaambiwa aanze na shomoro! Lakini duniani kuna zaidi ya aina 10,000 za ndege, na hakuna atakayekufundisha kuwatofautisha kwa uvumilivu kama huyu anayekuja dirishani kwako kila siku bila kualikwa. Yupo katika kila bara isipokuwa Antaktika, na amekaa na binadamu maelfu ya miaka. Dume ana utosi wa kijivu, hudhurungi iliyokolea kando ya kichwa, na koo jeusi. Jike ni wa hudhurungi iliyofifia, na ukimkazia macho utaona mstari wa rangi ya maziwa unaoanzia jichoni kurudi nyuma.

Kwangu kulikuwa na dume mmoja aliyekatika kidole cha mguu wa kushoto. Kile kidole ndicho kilichonifanya nimjue kuwa ni yeye yule, siku baada ya siku. Nikawa namwekea maji kwenye sahani ya udongo na kumpiga picha mahali pale pale, umbali ule ule, mara moja kwa wiki, karibu mwaka mzima. Nilipozipanga picha zile kwa mfuatano nilinyamaza kwa muda. Picha za mwanzo, koo lake lilikuwa na doa dogo tu la weusi, limefunikwa na kijivu kama vumbi. Wiki hadi wiki ule weusi ukaongezeka, ukashuka, ukafika kifuani. Mdomo nao ukabadilika, kutoka rangi iliyopauka ukawa mweusi tititi. Nilidhani ameota manyoya mapya. Kumbe sivyo. Shomoro hubadilisha manyoya mara moja tu kwa mwaka, baada ya kumaliza kuzaa. Nyoya jipya la kooni ni jeusi, lakini ncha yake ni ya kijivu, na ncha hizo ndizo zinazoficha weusi. Kadiri miezi inavyopita, ncha huchakaa na kukatika, na msimu wa kuzaa unapofika koo limebaki jeusi waziwazi. Dume yule hakuvaa nguo mpya. Aliivaa ile ile mpaka ikaonyesha rangi yake ya ndani.

Nimekaa kwenye habari hii kwa sababu kila kosa ninaloliona watu wakilifanya katika kutambua ndege limo humo. Ndege mmoja, wa aina moja, dirishani kwa mtu mmoja, amekuwa na sura mbili kwa mwaka. Ongeza jike. Ongeza kinda aliyetoka kiotani juzi. Sasa nenda ufukweni ukutane na membe wakubwa, ambao huchukua takriban miaka minne kabla ya kupata sura ya utu uzima, na kila mwaka wana mavazi yao. Mtu anayetambua ndege kwa rangi peke yake atajikuta ameandika aina tano mahali penye moja.

Ndiyo maana nawasihi rangi iwe ya mwisho. Anza na ukubwa, na usijisumbue na sentimita, kwa sababu ndege aliye peke yake angani hana kipimo. Linganisha: ni kama shomoro, ni kama njiwa, ni kama kunguru? Au ni mkubwa kuliko shomoro na mdogo kuliko njiwa? Jibu hilo peke yake linafuta nusu ya kitabu. Kisha umbo, na katika umbo mdomo ndio wa kwanza, kwa kuwa mdomo hukuambia ndege anakula nini. Mnene wenye umbo la pia ni wa kuvunja mbegu. Mwembamba kama kibanio ni wa kuokota wadudu. Uliopinda kwa mbele kama ndoano ni wa kurarua nyama. Mrefu uliojipinda taratibu, kwa ndege mdogo, mara nyingi umetengenezwa kuingia ndani ya ua.

Kisha mwenendo. Hapa ndipo penye utamu wote. Kigogota akiruka hupanda na kushuka kama mashua kwenye mawimbi: anapiga mabawa, anayafunga, anashuka, anapiga tena. Ukishaijua hiyo, utamtambua akiwa nukta tu mbali. Yangeyange na jamaa zake huruka wamekunja shingo, korongo wengi huinyoosha mbele. Watu wengi huwachanganya mbayuwayu na teleka, na sishangai, wote wana mkia wenye panda na wote hula wadudu hewani. Lakini mbayuwayu utamkuta amejipanga kwenye waya na wenzake. Teleka hatui wayani kamwe. Vidole vyake vyote vinne huelekea mbele, vya kuning'inia ukutani, havina namna ya kushika waya. Mabawa yake ni magumu, yamepinda kama mundu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha kwamba baadhi ya teleka hukaa hewani miezi 10 mfululizo bila kutua. Sasa mtu akiniambia alipiga picha ya teleka aliyekaa wayani, sihitaji hata kuiona picha.

Acheni niwape mfano mmoja wa karibu, ule wa ndege weupe. Kiswahili chetu ni tajiri, lakini jina moja mara nyingi hubeba ukoo mzima. Tukisema bundi tunawataja wengi, na tukisema yangeyange vilevile. Ukiona ndege mweupe mwenye shingo ndefu na miguu mirefu, umeshajua ukoo. Bado hujajua ni nani. Tazama mdomo. Kama ni wa njano na mfupi kiasi, na ndege mwenyewe ni mnene wa shingo anayefuata ng'ombe malishoni, huyo ni yangeyange wa ng'ombe. Kama mdomo ni mweusi, shuka hadi miguuni. Miguu myeusi yenye vidole vya njano, kana kwamba amekanyaga rangi, hiyo ni alama ya yangeyange mdogo. Lakini vidole hivyo vimezama majini au vimefunikwa na nyasi, kwa hiyo lazima usubiri anyanyue mguu. Na kama ni mkubwa, shingo imevunjika katikati kama kiwiko, tazama pembe ya mdomo: kwa yangeyange mkubwa ule mstari wa mdomo hupita chini ya jicho na kwenda nyuma yake. Mstari mmoja mwembamba, na ndio unaoamua.

Mnaona sasa kamera inaingia wapi? Unapojua kwamba swali liko kwenye vidole, hutapiga picha 300 za mgongo. Utasubiri mguu unyanyuke, utapiga mbili, na utarudi nyumbani na jibu. Nimewahi kurudi na mamia ya picha za ndege mmoja wa pwani, kali, zenye mwanga mzuri, na hakuna hata moja iliyoonyesha mkia ukiwa umefunuliwa, na mkia ndio uliokuwa unatofautisha aina mbili zinazofanana. Zile picha bado ninazo. Ndege hana jina mpaka leo.

Kuhusu rangi, neno moja tu, lakini zito. Rangi nyingine za ndege si rangi kwa maana ya wino. Chozi dume, yule ndege mdogo wa kwenye maua, anapong'aa kijani na zambarau kifuani, mng'ao ule unatokana na muundo mdogo sana ndani ya nyoya unaovunja mwanga na kuurudisha. Jua likiwa nyuma yako, anawaka. Jua likiwa nyuma yake, ni ndege mweusi mwenye mdomo uliopinda. Hajabadilika yeye, umesimama wewe vibaya. Kabla hujaandika "mweusi" kwenye daftari, sogea hatua chache umtazame upande wa pili wa mwanga.

Na nimetaja daftari makusudi. Andika kabla hujafungua kitabu. Hili sitalilegeza. Ukifungua kitabu kwanza, utaiona picha nzuri ya ndege adimu, na akili yako itaanza kukupa kumbukumbu ambazo jicho halikuziona. Andika: ukubwa, mdomo, alikuwa juu ya nini, anafanya nini, sauti, wakati, mahali. Chora hata kama huwezi kuchora. Duara la kichwa, yai la mwili, mstari wa mkia. Halafu fungua kitabu.

Siku hizi tunazo na programu za simu, na mimi si miongoni mwa wanaozibeza. Merlin, inayotengenezwa na Cornell Lab of Ornithology ya Marekani, hutambua ndege kwa picha, na tangu mwaka 2021 inasikiliza sauti na kupendekeza jina palepale. Tovuti ya xeno-canto, iliyoanza mwaka 2005, ina rekodi za sauti za ndege kutoka duniani kote na mtu yeyote anaweza kusikiliza. Hivi ni vyombo vya thamani kubwa kwa anayeanza. Ila jina linalotokea kwenye kioo ni pendekezo. Wapo ndege wanaoiga sauti za wenzao kwa ustadi wa ajabu, na simu haijui kwamba aliyeita kama kipanga ni ndege mdogo aliyejificha kichakani. Simu ikikuambia jina, inua darubini umtafute mwenye sauti. Ukimwona mdomo unafunguka na sauti inatoka, hapo umepata.

Sasa vifaa, na nitapita haraka, kwa sababu mazungumzo ya vifaa hayana mwisho na mengi hayamsaidii mtu. Kama una fedha za kitu kimoja tu, nunua darubini kabla ya lenzi. Ile iliyoandikwa 8x42 inawafaa wengi: 8 ni mara inazokuza, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo inavyoingiza mwanga zaidi asubuhi na jioni. Simu ukiiweka sawasawa kwenye tundu la darubini, kwa mkono uliotulia, inatoa picha ya kutosha kutambulia ndege aliyekaa. Mwenye kamera, lenzi ya milimita 400 inatosha kuanzia, na hata fupi kuliko hiyo inatosha ukiwa dirishani.

Dirisha, ndugu zangu, ndilo banda bora la kujifichia alilonalo karibu kila mtu. Mwaka 1892 ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai, na baadaye walifika mahali pa kutumia ngozi ya ng'ombe iliyojazwa, mtu akakaa ndani na kamera, ili ndege wasishtuke. Walijua kwamba ndege haogopi umbo alilolizoea. Nyumba yako tayari ameizoea. Zima taa ya chumbani, kaa nyuma kidogo ya pazia, usivae nguo nyeupe, acha lenzi ikae kwenye upenyo, na kinachobaki ni kukaa kimya. Nje weka sahani pana ya maji, kina chake sentimita chache tu, na jiwe katikati la kukanyagia. Badilisha maji kila siku na uisugue, maana sahani chafu hupeleka ugonjwa kwa ndege wote wanaokuja kunywa. Kando ya maji weka tawi kavu. Ndege hapendi kushukia majini moja kwa moja. Atatua kwanza kwenye tawi, ageuze kichwa huku na huku, na hapo ndipo picha yako ilipo.

Lakini dirisha hilohilo huua. Ndege huona anga na miti kwenye kioo, anaruka kuelekea huko. Nchini Marekani peke yake, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalisema kati ya ndege milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo. Basi sahani ya maji au ya nafaka iwe ama karibu sana na kioo, chini ya mita moja, ili ndege asipate kasi ya kujiumiza, ama mbali zaidi ya mita 10. Na kioo kibandike vidoa upande wa nje, vilivyoachana sentimita 5 hivi kila upande. Kibandiko kimoja cha mwewe katikati ya dirisha hakisaidii kitu. Ndege hukipita pembeni.

Ukitoka nje, jambo la kwanza ukimwona ndege usiyemjua ni kupiga picha moja ya ushahidi. Moja tu, hata kama yuko mbali, hata kama ni mbaya. Kisha shusha kamera. Inua darubini. Mtazame kuanzia mdomoni hadi mkiani, ukijisemea unachokiona kwa sauti ya chini. Baada ya hapo ndipo uanze kutafuta picha nzuri. Nawaambia hivi kwa uchungu. Siku moja kando ya bwawa alitua ndege mbele yangu, karibu kuliko nilivyowahi kukaribiwa na ndege wa porini, akakaa kama dakika nzima. Dakika ile yote niliitumia kubadilisha mipangilio ya kamera, mara mwanga, mara kasi. Alipoondoka sikuwa na picha, na nilipoulizwa mdomo wake ulikuwa wa rangi gani, sikuwa na jibu. Alikuwa mbele yangu dakika nzima na mimi nilikuwa natazama vitufe.

Kwa hiyo panga kamera kabla ya kutoka nyumbani. Ndege aliyetulia, kasi ya kufyatua kamera ya 1/500 ya sekunde inatosha. Anayeruka anahitaji 1/2000 au zaidi, na mdogo mwenye mabawa ya haraka anaweza kuhitaji kasi kubwa kuliko hiyo. Ruhusu ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ipande. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, picha iliyotikisika hairudi. Lenga jicho. Jicho likiwa kali na lina nukta ya mwanga ndani yake, ndege yuko hai kwenye picha hata kama mkia umefifia. Ndege mweupe mbele ya kivuli huidanganya kamera, inamulika kupita kiasi na manyoya yanakuwa karatasi tupu, na hapo utafute wapi mstari wa mdomo? Punguza mwanga kwa kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ndege mweusi mbele ya anga, ongeza.

Na jishushe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hakuna mahali methali hii ina ukweli kama kwa ndege wa ardhini. Kitwitwi ukimpiga ukiwa umesimama unapata mgongo na matope. Lala kifudifudi, kamera karibu igusane na mchanga, ghafla unaona urefu wa miguu, mpindo wa mdomo, tumbo lina madoa au halina, na nyuma yake maji yameyeyuka kuwa rangi laini. Picha inapendeza zaidi na inatambulika zaidi kwa wakati mmoja.

Jifunze upepo pia. Ndege huruka na kutua akiuelekea upepo, kama ndege za abiria. Simama upepo ukikupiga mgongoni, na jua nalo likiwa nyuma yako kama bahati ipo, naye atakuja au kuondoka akiwa amekuelekezea uso. Wapo watakaokuambia pia kwamba ndege wengi hujisaidia sekunde chache kabla ya kuruka. Ni kweli, na ni ishara nzuri ya kuweka kidole tayari.

Kuna ishara nyingine zenye uzito kuliko hiyo, na hapa naomba usikivu wenu wote. Ndege aliyekuwa anakula akaacha kula. Aliyekuwa amejaza manyoya akayabana mwilini akawa mwembamba. Shingo imenyooka, jicho moja limekukazia. Hiyo yote ni lugha, inasema umefika mwisho, usisogee tena. Anayeendelea kusogea anamfukuza kutoka kwenye chakula chake, pengine katika saa ambayo anatakiwa kula sana ili avuke usiku au avuke bahari. Ukiona hivyo, rudi nyuma hatua mbili na ukae chini. Mara nyingi ataendelea na shughuli zake, na baada ya robo saa ataweza kukusogelea yeye mwenyewe.

Kwenye viota nakuwa mkali. Usikate tawi linaloziba kiota ili picha iwe safi. Tawi hilo ni paa la makinda, linazuia jua, linazuia macho ya kunguru. Usirudi kila siku kwa njia ileile mpaka umeichonga njia ya mnyama mwingine kuifuata. Usicheze rekodi ya sauti ya ndege mara kwa mara ili dume atokeze. Anatoka kupigana na adui asiyekuwepo, anaacha kulisha na kulinda. Usimmulike bundi usiku kwa taa ya kamera. Na bundi mwenyewe hana subira kwa anayekisogelea kiota. Mwezi Mei 1937 mpiga picha Mwingereza Eric Hosking, kijana wa miaka 27, alikuwa anarudi gizani kwenye banda lake lililokuwa karibu na kiota cha bundi. Bundi alimvamia bila kishindo, na ukucha ukamwingia jichoni. Alilipoteza jicho hilo. Akaendelea kupiga picha za ndege kwa miongo mingi kwa lile lililobaki, na bundi walibaki kuwa ndege wake wa moyoni. Bundi yule alikuwa mzazi, na alifanya kinachofanywa na mzazi.

Picha zako usiziache zilale kwenye simu. Andika tarehe, saa na mahali, kisha ziweke kwenye hazina ya pamoja ya mtandaoni kama eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002. Kufikia mwaka 2021 ilikuwa imepokea zaidi ya taarifa bilioni moja, na nyingi zimetoka kwa watu kama ninyi, waliohesabu njiwa na kunguru. Shomoro wako ana nafasi humo. Anapopungua, watakaojua wa kwanza ni wale waliokuwa wanamhesabu alipokuwa bado tele. Ila kwa ndege adimu au aliye kiotani, zima kile kinachoandika eneo ndani ya picha, na usitangaze mahali alipo. Wapo wanaotafuta taarifa hizo kwa ajili ya kutega na kuuza.

Wale wanaosema hawana muda, kuna zoezi linaloitwa Great Backyard Bird Count, la tangu mwaka 1998, ambapo watu huhesabu ndege kwa siku nne za mwezi Februari, na muda wa chini kabisa unaotakiwa ni dakika 15. Tusisubiri Februari.

Tangu nilipoanza kuzungumza kuna ndege anaita nje ya dirisha hili la kushoto. Wengine mmemsikia, nimewaona mkigeuka. Ni sauti mbili, ya pili imeshuka chini ya ya kwanza, anatulia, anarudia. Ninalo jina kichwani na sitalitaja. Darubini ziko mezani pale nyuma, madaftari yako pembeni yake. Tutoke kwa utulivu, wa mbele wasizuie mlango. Tuanze na ukubwa, na atakayeiona miguu yake anyooshe mkono bila kupiga kelele.